Anayekataa Asimame

9 Februari

Mama Mwalimu,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafuu na Mjomba hajakuchosha na redio yake. Nakuandikia kwa mkono kama ulivyoagiza, maana wewe na simu hamuelewani tena: mimi nasema "mambo yanakwenda," wewe unasikia "nani amekwenda," na mwisho tunapeana pole za msiba ambao haupo.

Nina habari kubwa. Nimeingia kwenye uongozi. Ndiyo, mimi, yule uliyemkuta anauza maji ya baridi nje ya geti la shule aliyofukuzwa. Kaka aliniita ofisini akaniambia shirika haliwezi kuitwa la vijana wakati mezani hakuna kijana hata mmoja. Sasa naitwa Mwakilishi wa Vijana. Kadi ya kifuani ninayo, na nimeivaa mpaka nyumbani ili mdogo wangu aione.

Tuko watano. Kuna Kaka, mwanao, Mkurugenzi. Kuna Daktari, mwenyekiti wetu, ambaye husinzia kuanzia ajenda ya pili na kuamka kwenye soda. Kuna Mhasibu, na yule dada wa miradi anayebeba kompyuta yake kama mtoto mchanga. Halafu mimi. Tunakaa kwenye meza ile ile ndefu tuliyofanyia hesabu, ila sasa imefunikwa kitambaa cha kijani, hivyo majina tuliyoyachora kwa kalamu hayaonekani.

Kazi yangu mpaka sasa ni kusimulia maisha yangu. Wageni, wale wanaotupa fedha, wakija, Kaka ananishika bega, ananisogeza mbele, naanza: baba alivyoondoka, shule ilivyonitoa, wewe ulivyonipata. Mara ya kwanza niliieleza kama ilivyokuwa. Baadaye Kaka akanishauri nikae kidogo pale pa njaa, nisipaharakishe. Nami nimepakalia, Mama, mpaka mgeni mmoja akalia.

Mdogo wangu anakusalimu. Kwenye darasa la jioni anakaa dawati la dirishani, mwanawe analala kwenye shuka karibu na kabati la vitabu, na wenzake wamezoea kusoma kwa sauti ya chini. Mtihani ni Novemba. Safari hii anafaulu, naona kabisa. Hesabu zilizomtoa machozi mwaka jana sasa anawafundisha wengine.

Jambo moja limenikaa rohoni. Kaka alisema kikaoni kwamba itabidi "tulitazame upya" darasa la jioni. Hakuna aliyeuliza maana yake. Nami nilikuwa mgeni.

Ni mimi,
Kiranja wako


21 Februari

Kiranja,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili ndugu yangu azime redio asikie. Akasema, "Huyo si yule mbishi?" Nikamwambia ndiye huyo.

Najivunia wewe kuliko ninavyoweza kuandika. Magoti bado ni yale yale. Nainuka kitini kwa awamu, kama mtu anayehamisha kabati.

Umeuliza bila kuuliza, nami nakujibu. Kumbuka kwa nini shirika letu halinyooshi mikono kupitisha jambo. Mwanzo kabisa, kwenye darasa la kwanza, niliwauliza tuanze saa ngapi. Mikono yote ikanyooka kwa saa niliyoitaka mimi, maana mlikuwa mnamwogopa mwalimu. Nikasema basi, mikono tuache. Anayekataa asimame. Akisimama mmoja tu, jambo linasimama naye mpaka kikao kinachofuata, na hakuna wa kumkalisha kabla hajasikilizwa.

Wote mkakaa isipokuwa wewe. Ulisimama ukasema akina dada wanaopikia watu jioni hawawezi kufika saa hiyo. Tukasogeza saa. Siku hiyo ndiyo nilikupa hilo jina la Kiranja, na wala hujawahi kuwa kiranja wa shule yoyote.

Kwa hiyo usiniulize ufanye nini ukiwa mezani. Unacho kiti, na unayo miguu.

Habari njema: mwanangu ameniandikia kwamba atakuja na watoto wakati wa likizo. Miaka mitatu sijawaona wajukuu zangu. Yule mdogo hata sura yangu haijui. Nimeshaanza kumsumbua ndugu yangu apake chokaa chumba cha mbele.

Mama Mwalimu


4 Aprili

Mama,

Shikamoo. Leo sina utani.

"Kulitazama upya" kumepata maana. Wanataka kulifunga darasa la jioni. Ajenda imeshatoka, kikao ni tarehe 28. Chumba chetu kitakuwa Ukumbi wa Viongozi wa Kesho. Vijana kutoka shule nzuri watakuja kwa siku mbili mbili kufundishwa jinsi ya kuongoza. Nilimuuliza dada wa miradi, watamwongoza nani? Akacheka, akasema nina vichekesho.

Sababu zao ni nzuri kuzisikia. Wanasema watu wazima wenye watoto mgongoni si vijana tena. Wanasema wanaorudia mtihani wengi wao hufeli. Mhasibu alisema darasa la jioni "halipigiki picha," na kweli, Mama, nani atampiga picha mtu amechoka, anafuta ubao kwa kiwiko?

Wako thelathini na kitu mle ndani. Wote wameandikishwa mtihani kupitia shirika, kwa hiyo darasa likifa, na wao hawana kituo cha kufanyia. Wakihama sasa hivi wapate kwingine, wanaweza kuwahi. Wakingoja mpaka katikati ya mwaka, dirisha la kuandikishwa linakuwa limefungwa. Mdogo wangu nimemficha. Jana usiku nilimkuta amelala juu ya daftari nikamtoa kalamu mkononi, na sikuweza kumwambia.

Nikisimama tarehe 28, jambo linaahirishwa mpaka kikao cha mwisho wa mwaka. Wakati huo mtihani umeshapita. Baada ya hapo wakitaka wajenge hata uwanja wa ndege.

Najua ulishasema nisikuulize. Lakini anayependekeza ni mwanao. Nimekula ugali wako, yeye ni kaka yangu mbele ya watu wote. Siwezi kusimama dhidi yake bila wewe kujua. Niambie neno moja tu, Mama. Nisimame?

Kiranja


16 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Tumefika salama. Watoto wamekataa kabisa kuzungumza habari nyingine zaidi ya bibi. Mdogo anatembea akishika magoti na kusema "aa, magoti yangu," mpaka mama yake amemkanya. Siku zile nne zimenifanyia kitu moyoni. Nilijiuliza kwa nini nilikaa mbali muda wote huo. Desemba tutakuja tena, wiki mbili nzima.

Kuhusu lile tulilozungumza barazani, ni kama nilivyokueleza. Darasa halifi, linahama tu. Nimeshazungumza na mkuu wa shule ya jirani, ana vyumba vinakaa tupu jioni. Kuna mambo madogo madogo ya kumalizia. Shida yangu si darasa, shida yangu ni kikao. Wageni wetu wakubwa watakuwepo kusikiliza. Mtu akisimama pale, tena huyo ambaye wao wanamjua kama tunda la kazi yetu, tutaonekana nyumba yenye ugomvi. Hao tukiwapoteza, si darasa tu litakalokufa.

Mimi nikimwambia, nitaonekana namziba mdomo. Wewe neno lako kwake ni sheria. Mwandikie tu atulie. Nimepanga kumpa kazi ya kuratibu ukumbi mpya, awe na mshahara wake wa maana, aache kuishi kwa posho.

Mwanao


19 Aprili

Kiranja mwanangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nyumba ilijaa wajukuu. Wamenivunjia kikombe cha maua, na nimefurahi kama aliyepewa seti nzima.

Nimelitafakari swali lako. Ushauri wangu ni huu: safari hii, kaa.

Usinielewe vibaya. Kusimama si kila mara. Kuna kusimama kwa haki na kuna kusimama kwa hasira, na wewe hasira unayo. Nimehakikishiwa darasa halifungwi, linahamia shule ya jirani, na hakuna atakayekosa mtihani. Mambo mengine hayasemwi mbele ya wageni. Kaka yako ana mzigo mkubwa kuliko unavyouona. Mheshimu mbele za watu, naye atakuheshimu.

Subira yavuta heri. Nami nakuahidi, likienda kombo nitasimama mimi.

Mpe mdogo wako salamu. Mwambie asiache hesabu za sehemu, ndizo huwaangusha wengi.

Mama Mwalimu


30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nilikaa.

Wageni walipangwa ukutani kwenye viti vipya vya plastiki. Nilisimulia maisha yangu kwanza, nikapakalia pale pa njaa kama kawaida. Kisha Daktari akaamka, akasoma pendekezo, akauliza, "Kuna anayesimama?" Alinitazama mimi. Wote walinitazama mimi. Mhasibu aliacha kutafuna. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza chini ya kitambaa, na vidole vikayagusa majina yetu, Mama, mikwaruzo ile ile. Lako ulilokataa tuchore tulilichora kwa siri, liko upande wangu.

Nilisubiri Kaka aseme habari ya kuhama. Hakusema. Nikadhani ataisema baadaye.

Daktari akasema, "Basi limepita." Ikaletwa soda.

Mlangoni Kaka alinikumbatia. Akasema, "Umekua." Nimemwambia mdogo wangu kwamba darasa linahama, nikamwambia ni ahadi yako. Akasema kama ni ya Mama Mwalimu basi hana wasiwasi.

Kiranja


17 Juni

Mama,

Darasa halijahama. Wanafunzi walikwenda shule ya jirani jioni tatu mfululizo wakasimama nje ya geti. Mlinzi aliwaambia hana taarifa yoyote. Jioni ya tatu mkuu wa shule mwenyewe alitoka, akasema kweli Mkurugenzi alimpigia simu mara moja mwezi wa nne, akamuuliza kama vyumba viko wazi, akajibiwa atume barua. Barua haikutumwa.

Kaka nimemuuliza. Amesema analifanyia kazi.

Dirisha la mtihani linafungwa mwisho wa mwezi huu. Wachache wenye uwezo wamekimbilia vituo vya kulipia. Wengine wameacha. Mdogo wangu haniulizi kitu, na hilo ndilo linaloniua. Anafua, anapika, anamnyonyesha mtoto. Daftari zake amezifunga kwa kamba akaziweka juu ya kabati, na nilipozishusha alizirudisha.

Uliniahidi kwamba likienda kombo utasimama wewe. Mama, limekwenda kombo.

Kiranja


2 Julai

Mwanangu,

Nimeandika kwa Kiranja mara tatu nikachana. Sasa nakuandikia wewe.

Ulikaa barazani pangu ukiwa umempakata mtoto, ukaniambia darasa linahama. Hukusema "labda." Kwa neno lako nilimkalisha binti ambaye tangu nimjue sijawahi kumkalisha. Dirisha la mtihani limefungwa juzi, nimesikia redioni kwa masikio yangu haya mabovu. Niambie wale watu wamefanyiwa nini.

Sitaki habari za wageni, na wala usinijibu kwa kunipa salamu za wajukuu.

Mama yako


20 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimeumia kuisoma barua yako, lakini wewe ni mama, una haki.

Nilikusudia. Hilo nakuapia. Kisha wageni wakaongeza siku zao, ukumbi ukataka kupakwa rangi, mambo yakaingiliana. Ukiwa na shirika la ukubwa huu, mama, huwezi kushika kila kitu kwa mikono yako kama zamani zile mlipokuwa watu ishirini na ubao mmoja. Maji yameshamwagika. Mwaka kesho tutaangalia namna ya kuwasaidia wale watakaokuwa bado wana nia.

Kiranja ameshaanza kazi yake mpya. Anaimudu vizuri sana, hajalalamika hata mara moja. Labda wewe unaumia kwa niaba yake kuliko anavyoumia mwenyewe.

Tarehe 14 Septemba tunao mkutano mkuu wa wanachama pamoja na uzinduzi wa ukumbi. Tungependa mwanzilishi wetu akae meza kuu. Nitatuma gari likuchukue mlangoni. Nikujulishe tu kwamba ile desturi ya kusimama tumeiweka kando, wageni walikuwa hawaielewi. Sasa tunapitisha kwa makofi.

Watoto wanakusalimu. Samahani, najua ulikataza.

Mwanao


11 Agosti

Kiranja,

Najua kwa nini huniandikii. Tangu Juni sijapata hata mstari.

Sitajitetea sana. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nimefundisha methali hiyo darasani nikaitolea mifano ya watu wengine. Mwanangu alikuja na wajukuu baada ya miaka mitatu. Niliogopa nikimkatalia hatawaleta tena. Kile nilichokiita subira kwenye barua yangu kilikuwa hicho.

Lakini nakuja. Tarehe 14 nitakuwa meza kuu. Mwenyekiti atasoma mpango wa mwaka, atauliza kama wanachama wanakubali. Hapo nitasimama. Makofi yao wayaweke mfukoni. Ni mimi niliyeanzisha shirika, na kwenye katiba yetu kusimama hakujafutwa na mkutano wowote. Nitataka darasa lirudi kwenye chumba chake, na nitataka watu wale waombwe radhi mbele ya wageni hao hao.

Sauti yangu imekuwa ndogo. Wasiponyamaza hawatanisikia. Nikisimama, simama nami uwanyamazishe. Wanakuogopa zaidi kuliko unavyodhani.

Umenisikia, mwanangu? Simama nami.

Mama Mwalimu


18 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na dereva hakuendesha ovyo.

Sijui niseme nini. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona jambo kama lile. Daktari alipouliza kama tunakubali, na wewe ukaanza kuinuka, nakiri niliogopa. Nilijua ulivyokasirika. Kisha nikakuona umesimama, umeshika meza, midomo inacheza, na Kiranja akachukua kipaza sauti akasema Mama yetu amesimama kutubariki, tusimame naye wote. Ukumbi mzima ukasimama! Makofi yale hayakuwa na mwisho. Wageni walikuwa wanafuta machozi. Nami nililia, mama. Nilielewa kwamba umenisamehe.

Nilijaribu kukusogelea nisikie unachosema lakini kelele zilikuwa nyingi. Utaniambia Desemba.

Mpiga picha alikupata vizuri, umeinua mkono. Tunaiweka kwenye kalenda.

Mwanao akupendaye


25 Septemba

Kiranja,

Nilikuwa nasema, "Sikubali." Nililisema mara nyingi. Mkono niliuinua ili wanyamaze.

Wewe ulikuwa hatua chache kutoka kwangu. Ulinitazama machoni, ukachukua kile kipaza sauti. Katika ukumbi ule, ninyi watano wa mezani mlijua maana ya mimi kusimama, na Daktari alikuwa ndiyo kwanza anaamka.

Barua yangu ya Agosti ilikufika?

Mama Mwalimu


3 Novemba

Mama Mwalimu,

Shikamoo.

Ilinifika. Niliisoma kazini, nikaikunja nikaiweka chini ya kitambaa cha kijani, pale palipo na jina lako.

Umeniuliza jambo moja na ulistahili kujibiwa mapema, lakini kila nilipoanza niliandika uongo. Niliandika kwamba nilidhani unatubariki. Niliandika kwamba nilihofia utaanguka. Zote hizo nimezichana.

Ukweli ni kwamba nilijua, na nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Nilipanga nisimame nawe. Hata viatu nilivaa visivyo na kisigino. Kisha ukaingia, mwanao amekushika mkono huu, mjukuu amekushika ule, ukakaa meza kuu ukafungua soda uliyoandaliwa. Ulimpangusa yule mdogo mdomo kwa kitambaa chako. Nikawaza: huyu atasimama, atasema maneno yake, watu watashtuka, kisha gari litamrudisha kwa kaka yake. Na Desemba wajukuu watakwenda kukuona, maana damu ni nzito kuliko maji na mwanao hawezi kukususa. Kesho yake asubuhi nani atakuwa amebaki mbele ya meza ya Kaka? Ni mimi. Na darasa litarudi kwa ajili ya nani? Dawati la mdogo wangu limeshauzwa pamoja na mengine. Alichokitaka kilikuwa mtihani wa mwaka huu. Uchungu wako umefika baada ya dirisha kufungwa.

Aprili nilikuuliza neno moja. Miguu yangu ilikuwa tayari, Mama. Wewe ndiwe uliyenifundisha kusimama, na wewe peke yako duniani ndiwe uliyeweza kunikalisha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo ulivyotufundisha. Mimi nililisikia la mkuu, na guu limevunjika vilevile, tena si langu.

Kwa hiyo ulipoanza kuinuka kwa awamu zako, nilikuona, na nikakuchukia. Nasema wazi kwa sababu umenilea nisifiche. Niliona sasa unataka kuwa na vyote, mwana na haki, na mimi nikutengenezee ukimya wa kusemea. Kipaza sauti kilikuwa mkononi. Niliogopa kupoteza kazi, hilo nalo lipo, nina watu wawili wanaokula kwangu. Woga ulikuwa kiasi gani na kisasi kiasi gani, sijui. Nilipoona watu wote wamesimama na wewe unapiga kelele katikati yao bila kusikika, nilifurahi kwa muda mfupi sana. Tangu hapo sijafurahi tena.

Kaka anadhani umemsamehe. Sijamtoa kwenye hilo, na nadhani nawe hutamtoa, kwa sababu ya Desemba.

Mdogo wangu anauza maji ya baridi nje ya geti la ile shule ya jirani, ile ile iliyonitoa, hatua mbili tatu tu kutoka mahali niliposimama mimi zamani. Anasema Jumatatu mtihani unaanza na biashara itakuwa nzuri, wanafunzi wakitoka wana kiu. Wageni wakija ukumbini wanapita mbele yake. Juzi mmoja alinunua chupa kwake, akaingia ndani, akanisikiliza nikisimulia maisha yangu huku anainywa.

Nimeweka pamoja na barua hii kalenda ya mwaka kesho. Wewe uko Novemba. Mkono umeinuliwa, mdomo wazi, na nyuma yako watu wote wamesimama. Mimi niko pembeni na kipaza sauti. Chini wameandika, "Mama anasema ndiyo."

Maneno hayo niliyatunga mimi. Ndiyo kazi yangu sasa.

Mratibu, Ukumbi wa Viongozi wa Kesho